Korosho Zake, Mabibo Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimesaini. Kalamu nusura ichane karatasi. Ni hasira, si uzee.

Katibu wa baraza la kata katuambia mimi na jirani yangu Swaumu: kuanzia leo mwenzako akivunja makubaliano, andika tarehe na siku, usije hapa na maneno ya mdomoni. Vizuri. Nimenunua daftari. Shule sikuikanyaga hata siku moja, lakini herufi ninazo. Nilizipata ngumbaru, darasa la watu wazima, kwenye ghala la kijiji, mtoto mgongoni na vumbi la shamba miguuni. Swaumu alikuja ngumbaru siku mbili, akasema macho yanamuuma. Leo kaweka dole gumba. Mimi nimeandika jina zima, Gaudensia, mpaka likatoka nje ya mstari. Aliona. Namjua, aliona.

Sasa niandike haki yangu. Mkorosho wa mpakani ni wa Eusebio, mume wangu, Mungu amweke pema. Alichimba shimo mwenyewe wiki ile aliyozaliwa Rozalia wetu. Amri, mume wa Swaumu, alisaidia kuleta maji. Ndoo tatu. Ndoo tatu za maji! Leo wanaume wote wawili wako kaburini. Miaka arobaini na kitu tuliokota chini ya mti huu bila karatasi: lililoanguka kwako lako, lililoanguka kwangu langu. Mwaka huu karani wa kuandikisha mikorosho ya kupewa salfa, ile dawa ya kupulizia, kapita Jumapili, mimi niko misani, na Swaumu kamwambia mkorosho wa mpakani auandike kwa jina lake. Jina lake! Mti wa Eusebio!

Karatasi ya leo inasema hivi. Korosho zote za Swaumu. Mabibo yote yangu. Wazee wa baraza walijiona wamepata akili kweli kweli: huyu Mwislamu hagusi uraka, pombe ya mabibo, yule uraka wake unajulikana mpaka Narung'ombe, basi tukate tunda katikati. Watu wazima wanne, na hakuna aliyekumbuka kuwa bibo na korosho huanguka pamoja, vimeshikana kama mtoto na kitovu! Mti usipandwe, usitikiswe, usipigwe. Kila tunda lianguke lenyewe. Hakuna kuvuka mpaka bila Mzee Modest, mwenyekiti wa kitongoji, kujua. Hakuna matusi. Atakayevunja ataitwa baraza la ardhi Nachingwea, na mti wote utakuwa wa mwenzake.

Wote. Na kazi ya mikono ya Eusebio ndani yake.

Kwa nini nilikubali? Kikao kilianza saa tatu kikaisha saa tisa, na sikuwa nimetia kitu tumboni. Mtu mwenye njaa asipewe kalamu.

Swaumu hatamaliza wiki. Atavunja, nami nitaandika.

Jumanne, 8 Oktoba

Alfajiri nafika chini ya mti. Swaumu kashafika! Katandika mkeka upande wake, chupa ya chai, redio, kama anangoja maulidi. Nikarudi nyumbani kuchukua kigoda. Tukakaa. Yeye kule, mimi huku, shina katikati. Hatukusalimiana. Salamu hazimo kwenye karatasi.

Saa moja na nusu likaanguka bibo la kwanza. Jekundu, kubwa, limepasuka ubavu. Tukalirukia wote, vichwa vikagongana. Nikasema bibo langu. Akasema korosho yake. Nikasema basi aichukue aniachie langu. Akasema ataichukuaje bila kugusa bibo, na bibo kakatazwa. Nikasema mimi nimekatazwa korosho. Tukalitazama lile bibo liko chini, nyuki wanaanza kuja. Wanawake wawili wenye wajukuu!

Nikapaza sauti mpaka Mzee Modest akatoka na mswaki mdomoni. Akaamua: Gaudensia anyofoe, Swaumu atazame. Nikanyofoa. Swaumu akasema nimeacha nyama ya bibo makusudi ili korosho ioze. Nikanyofoa ya pili. Akasema nimeikwaruza. Akasema kucha zangu tangu usichana ni za kunguru. Nikamwambia Mzee Modest asikie, hilo ni tusi, makubaliano yamevunjwa. Mzee Modest akasema kunguru si tusi, ni ndege.

Naandika hata hivyo. Tarehe nane, Jumanne, kunguru.

Mpaka adhuhuri nimepata mabibo kumi na moja. Uraka wa mabibo kumi na moja utamnywesha nani? Panzi? Na juu matawi yamejaa, mekundu matupu, yananitazama kama wageni waliokataa kushuka.

Lakini nimepata wazo.

Jumatano, 9 Oktoba

Karatasi inasema mtu asitikise mti. Haisemi mbuzi.

Beberu wangu ana kichwa kigumu kuliko wazee wote wanne wa baraza. Nikamfunga kwenye shina kwa kamba fupi, upande wangu, nikaenda zangu jikoni kuinjika maharage, nimetulia kama mtu asiyejua kitu. Beberu akifungwa kamba fupi hukasirika, na akikasirika hupiga kilicho mbele yake. Akapiga. Puu! Nikasikia mabibo yanamwagika. Puu! Mengine. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka moshi ukaniingia kooni.

Nikaja na ndoo mbili. Chini hakuna bibo. Hata moja! Beberu kayala yote, midomo inamtiririka maji, na korosho kazitema. Safi kabisa, hazina hata uzi wa nyama. Swaumu anazikokota kwa ufagio kutoka upande wake, anazitia kwenye ungo taratibu, huku anaimba kaswida. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake wenye sumu, kama na kesho naweza kumleta huyu bwana, maana ananyofoa vizuri kuliko mimi.

Nilisema neno moja la Kimwera. Siliandiki.

Beberu kaharisha mpaka jioni. Barazani kwangu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Havunji. Siku ya tano leo, havunji! Anakaa, anangoja, anaokota, anakunywa chai. Mtu wa namna hiyo ni hatari katika jamii.

Basi kama hataki kuvunja, asaidiwe.

Nimekata mti mrefu wa kuangulia matunda, mnyoofu, nikafunga kulabu ya waya kwenye ncha. Swaumu alipokwenda dukani kununua chumvi nilivuka, hatua thelathini tu, nikauegemeza nyuma ya jiko lake. Nusu unaonekana, nusu umejificha, kama kitu kilichofichwa na mtu asiye na akili. Kesho namleta Mzee Modest aone kwa macho yake Swaumu, mama Faridi, anavyoangua matunda kwa siri. Hapo hata Nachingwea hatuna haja ya kubishana.

Nimevuka mpaka, ndiyo. Lakini nimevuka kwa ajili ya haki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nikamleta Mzee Modest. Nikamwambia azunguke nyuma ya jiko la mama Faridi, aone mambo. Mimi nikabaki mpakani, mikono kiunoni, moyo unacheza ngoma. Akarudi. Nikamuuliza kaona nini. Akasema kaona kanga tatu na shuka moja.

Kaufanya wa kuanikia nguo! Kaulaza juu ya panda mbili, kanga zinapepea. Akaja mwenyewe mpakani kutuambia kwamba kuna mtu mwema kamletea mti mnyoofu ajabu, hamjui ni nani, Mungu amzidishie. Hata kulabu kaitoa, anatundikia ndoo. Akanitazama. Nikatazama mawingu.

Mzee Modest akasema moyo wake umefurahi, anaona sasa majirani tunasaidiana. Tunasaidiana! Nilitoka jasho nusu siku kuukata ule mti. Mgongo umekakamaa, siwezi kuinama wala kunyooka, natembea kama mtu anayetafuta sindano.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkeka haupo. Swaumu hajaonekana tangu jana.

Jana nilifurahi. Nilikaa chini ya mti peke yangu, nikanyofoa kwa raha, korosho zake nikazitia kwenye ungo wake, mabibo kwenye ndoo yangu, hakuna wa kunisema. Leo kunyamaza kule kumeniudhi. Mtu anakuzoesha ugomvi miezi mizima halafu anakuachia wewe peke yako!

Saa nne nikaona jiko lake halitoi moshi. Mzee Modest kaenda Ruangwa mjini. Nikasimama mpakani nikaita. Mama Faridi! Kimya. Mama Faridi, we! Kimya. Nikasema karatasi na iliwe na mchwa, nikavuka.

Yumo kitandani, homa inamtoa moshi, midomo imekauka kama gamba la korosho. Siku mbili bila chakula, mjinga huyu! Mjukuu wake Asmaa kaolewa Matambarale, mwanawe Faridi yuko Nachingwea na duka lake la vipuri, na yeye hapa anajifia kimya kimya kwa kiburi. Nilimfokea. Nilimuuliza kama alitaka afe ili watu waseme nimemroga. Nikapika uji wa mtama, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, kila kijiko na neno lake. Akasema kwa sauti ya nzi kwamba nimevuka mpaka, ataniandika. Nikamwambia aandike kwa herufi zipi, ameze. Akameza.

Nikampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemkumbatia kama gunia la ufuta, mpaka zahanati. Malaria. Kapewa dawa. Nikamrudisha, nikafua mashuka, nikayaanika kwenye ule mti wangu. Unafaa kweli.

Hasira zangu ziko palepale.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua! Katikati ya mwezi wa kumi, nani kaiita?

Korosho za Swaumu ziko chini zinaloa, na zilizo kwenye ungo zinaelea. Korosho ikilowa ukaiacha siku mbili, ghalani hawaipokei, wanakurudishia na dharau juu. Yeye bado hawezi kusimama bila kushika ukuta. Nikaziokota zote kwa mikono yangu. Nikazileta kwangu, maana baraza langu lina saruji na kwake ni udongo. Nikazitandaza, nikazigeuza mara nne. Jua likitoka nazitoa, wingu likija naziingiza. Zilizokauka nimezitia kwenye gunia langu, kwa sababu gunia lake silijui liliko.

Sijachukua hata moja. Naandika tena kwa herufi kubwa. HATA MOJA.

Sikumwambia. Angesema asante, na mimi asante yake siitaki. Mti wa mume wangu kauandikisha kwa jina lake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Faridi kaja kumwona mama yake. Nilimlea huyu! Kala ugali wangu mpaka akaota ndevu. Kapita kwangu, shikamoo mama mkubwa, nikaitikia marahaba kwa moyo mweupe. Jicho lake likaenda kwenye gunia. Likatoka kwenye gunia likaenda barazani kwenye korosho. Akaniuliza kama mikorosho yangu ya bondeni imeshaanza kuangusha. Nikasema bado. Akauliza sasa hizi za wapi. Nikasema za mama yako. Akauliza zinafanya nini huku, wakati korosho zote kwa makubaliano ni za mama na zinatakiwa zikae kwa mama.

Ningeweza kumweleza. Mvua, homa, saruji. Maneno matatu! Lakini lile jicho! Nikamwambia mtoto niliyemfuta makamasi haniulizi maswali uwanjani kwangu kama askari wa kizuizini. Nikamwambia atoke. Akasema anauliza tu. Nikachukua ufagio.

Kapiga picha kwa simu. Gunia, korosho, na mimi nimeinua ufagio, mdomo wazi. Anakwenda Nachingwea kufungua shauri kwa niaba ya mama yake: Gaudensia kavunja makubaliano, mti wote uwe wa Swaumu.

Mungu wangu, nakuuliza. Nimetumia mbuzi, hukuleta shahidi. Nimetumia kulabu, hukuleta shahidi. Nimeokoa korosho za mgonjwa zisioze, ukamleta Faridi na simu!

Alhamisi, 24 Oktoba

Wito umefika, una muhuri. Jumatatu saa tatu, Nachingwea. Swaumu mdai. Mimi mdaiwa. Mdaiwa! Sijawahi kudaiwa hata chumvi.

Mzee Modest kaja kunishauri. Kasema nieleze mvua, nieleze homa, nieleze zahanati, mwenyekiti wa kule ni mtu msikivu, mti utabaki kama ulivyo. Ila nisifoke. Nikamwambia mimi sijawahi kufoka maishani mwangu. Alirudi nyuma hatua mbili.

Jioni nilikwenda nikalishika shina. Eusebio hakuwa mtu wa maneno. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sidhani kama nilisikia maneno ya kujaza kibaba. Alichotaka kusema alikipanda. Wakinichukulia mti huu, nitabaki nimeolewa na nani?

Basi. Daftari linalowa.

Swaumu kapona, karudi kwenye mkeka. Hakunitazama, sikumtazama. Akaisukuma ile chupa yake ya chai mpaka kwenye mstari wa mpaka, akageukia kule. Sikunywa. Ina tangawizi, nilinusa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tumerudi kutoka Nachingwea. Bado nimevaa gauni la kanisani, maana nikianza kulivua nitalichana.

Mwenyekiti wa baraza ni mama wa makamo, miwani, sauti ndogo. Faridi akaanza. Picha, gunia, ufagio. Anazungumza kama redio. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka kumsikia mdai mwenyewe.

Swaumu akasimama, akajifunga kanga upya. Akasema mwanawe kakimbilia huku bila kumuuliza. Akasema aliumwa, mvua ikanyesha, na ni yeye aliyemtuma mama Rozalia akamwokotee korosho na kumwanikia. Alimtuma.

Alinituma! Uongo mtupu. Siku ile hakuwa na nguvu ya kumtuma nzi. Alisema vile kuniokoa, sasa naelewa, Mzee Modest kanifafanulia njia nzima mpaka Ruangwa. Mwenyekiti alishaanza kutikisa kichwa cha kukubali. Kalamu ilishainuka. Faridi alishakunja karatasi zake. Duniani kote nilitakiwa kufanya jambo moja tu: kukaa.

Nikasimama.

Swaumu anitume mimi? Kama mtoto anayetumwa kiberiti? Na mtu aliyeacha ngumbaru siku ya pili? Nikasema mimi situmwi. Niliokota kwa akili yangu, nikavuka kwa miguu yangu, na yote niliyoyafanya kuhusu mti ule niliyafanya mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, na asiyeamini yameandikwa, tarehe na siku! Nikapiga daftari juu ya meza.

Karani akaamriwa asome kwa sauti. Kasoma kunguru, watu wakatabasamu. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Akafunua. Kasoma beberu. Nikasema hapo aparuke. Akaambiwa aendelee. Kasoma mti na kulabu. Kasoma nusu unaonekana, nusu umejificha. Kasoma nimevuka kwa ajili ya haki. Mzee Modest kajifunika uso kwa kofia. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena, mabega yanamtikisika. Aliyecheka kwa sauti ni Swaumu, mdai mwenyewe, mpaka akaletewa maji.

Halafu kicheko kikaisha. Mwenyekiti akasema korosho za mvua si kosa, ni ujirani mwema, na laiti ningeishia hapo. Lakini mdaiwa ameandika kwa mkono wake kwamba alitikisa mti kwa mbuzi, akavuka kwa hila, akamtegea mwenzake ushahidi wa uongo. Makubaliano yamevunjwa na yeye. Na makubaliano yaliyasema mapema yatakayompata mvunjaji. Mkorosho wa mpakani ni wa Swaumu. Wote.

Nilitaka kumwambia kuhusu Eusebio na lile shimo. Badala yake nikachukua daftari langu mezani, nikatoka nje.

Jumanne, 29 Oktoba

Sikutoka. Sikuwasha moto.

Saa nne Swaumu kaja. Kavuka hivihivi, hakumwambia Mzee Modest wala nani. Kaketi kizingitini bila kukaribishwa. Kasema tangu azaliwe hajaona mtu anatupiwa kamba kisimani, akaikata kwa meno. Nikamwambia alisema kanituma. Akasema sasa aseme nini mbele ya watu, kwamba niliziokota kwa sababu nampenda? Nikasema mimi simpendi. Akasema anajua, ndiyo maana kasema kanituma.

Nikamuuliza kwa nini aliuandikisha mti kwa jina lake. Nikashtuka mwenyewe: miezi yote hii nilimfokea, nilimshtaki, lakini kumuuliza sijamuuliza. Akasema karani alikuwa anaondoka, mimi niko misani, mti usipoandikwa siku ile haupati salfa, na bila salfa ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ungeyakausha maua yote. Alikusudia kuniambia jioni. Jioni hiyo mimi nilisimama mpakani na panga, nikamtukana mpaka mama yake marehemu.

Hapo nikakasirika upya. Angepaza sauti! Mimi nikifoka, si na yeye afoke zaidi nimsikie? Mtu gani huyu anangoja apewe nafasi ya kusema?

Akasema mti sasa ni wake kwa muhuri wa Nachingwea, na mwenye mti ndiye msemaji. Na yeye anasema lililoanguka upande wangu ni langu, bibo na korosho yake, kama zamani. Bila karatasi. Ananipa.

Ananipa! Mti wa mume wangu, nipewe kama sadaka ya Ijumaa! Nikamwambia atoke. Akatoka. Katoka na sufuria yangu ya maharage, akasema nimekonda, ataniletea yamepikwa.

Kaleta. Kaweka nazi. Nimekula kwa hasira.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nimefyeka kaburi la Eusebio, nimewasha mshumaa, nimemweleza mambo yote, nikaruka ya beberu. Nimemwambia nimejifunza. Jirani ni jirani. Ulimi hauna mfupa, mtu ajitie breki. Karatasi za barazani hazina faida kwa watu wanaokula chungu kimoja. Nimemwahidi kwa msalaba kwamba ugomvi wa mkorosho umekwisha na sitauanzisha tena. Nililia kidogo. Nikajisikia mwepesi kama pamba.

Narudi nyumbani nimepita chini ya mti. Nimeokota korosho tatu upande wangu, kubwa, nzito, za kupandwa kabisa. Nikazishika. Nikawaza tu. Hukumu inataja mkorosho mmoja, ule mzee. Sehemu ya chini ya mpaka, karibu na mahali wanapopita watu wa Mbekenyera kwenda sokoni, hakuna mti wowote. Pako wazi. Panasikitisha.

Nikachukua jembe.

Mashimo matatu. Mawili kwenye mstari wenyewe. La tatu hatua mbili ndani ya shamba la Swaumu, maana udongo wake pale ni mzuri na hautumii. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu. Nitakuwa na miaka sabini na saba tu. Atasema ni yake kwa kuwa iko kwake. Nitasema ni yangu kwa kuwa nimeipanda. Hapo ndipo tutaona.

Nimeinamia shimo la tatu, ndiyo kwanza nimeifukia korosho, nasikia sauti ya Swaumu juu ya kichwa. Mama Rozalia, unatafuta nini huku? Nikasema rozari yangu imeanguka. Maskini, akapiga magoti papo hapo kunisaidia. Tulipapasa nyasi robo saa nzima, wazee wawili, magoti yanalia, yeye ananituliza kwamba tutaipata, mimi nimebana kola ya gauni kwa mkono mmoja asiione inavyoning'inia shingoni. Mwisho kasimama, akasema niache, Mungu atanipa nyingine, akaipigapiga ardhi kwa mguu ili nisije nikajikwaa. Shimo la tatu kalishindilia yeye mwenyewe, barabara kabisa, kisigino na vidole.

Mbegu ikishindiliwa vile inashika vizuri. Siku tukiitwa Nachingwea, nitamtaja kuwa shahidi wangu wa kwanza.